Mahari ya Bima

Ma Georgina ni mtu mwema. Naanza na hilo ili asije mtu wa mtaa wetu wa Kashai akasema Magdalena anamtangaza vibaya mwajiri wake. Mshahara hachelewi. Chakula tunapakua sufuria moja, na nyama anayokula yeye ndiyo ninayokula mimi. Kila Krismasi napata kitenge, tena kipya, si kile kilichofifia kwa kuning'inia mlangoni mwa duka lake. Na nikiumwa ananitibu. Hapo kwenye kutibiwa ndipo penye maneno.

Mimi nina presha. Dawa zake ni za kumeza kila siku, na kila mwezi zinakwisha. Zilipokwisha ilikuwa lazima nimfuate Ma Georgina sebuleni, nisimame karibu na kabati la vyombo, nijifute mikono kwenye khanga hata kama mikavu, niseme, "Ma Georgina, zile dawa."

Hapo hapo anavuta pochi. Hajawahi kusema hana. Lakini pochi ya Ma Georgina haifunguki kabla ya mdomo wake kufunguka.

"Zimekwisha tena? Magdalena, wewe unakula chumvi. Nilikuona na wale dagaa. Na usingizi je, unalala? Mtu mwenye presha halali na redio masikioni. Haya, shika, na chenji uniletee nione umenunua zipi."

Angeishia hapo ningenyamaza. Lakini siku ya jumuiya, wanawake wakishamaliza rozari, yeye huwaomba wamkumbuke Magdalena wake kwa sala, maana juzi presha ilimpanda hadi akaketi chini jikoni, na bila yeye kutoa hela ya haraka sijui ingekuwaje. Mimi huku jikoni nachuja chai nasikia kila kitu. Wanawake wanasema amina, na amina zao zinatoka nje ya ua kabla yao. Matokeo yake Kashai nzima inajua damu yangu inavyokwenda. Hata Muhidini, kijana wa bodaboda pale kona, nikipita ananiuliza, "Mama, leo inasomaje?" Kama vile mimi ni mita ya maji.

Nami nasema, heshima ya mtu ni pamoja na kuumwa kimya kimya akitaka.

Sasa mwaka huu redio haikuwa na habari nyingine zaidi ya bima ya afya kwa wote. Asubuhi bima, mchana bima. Kaya moja, watu sita, kadi ya mwaka mzima. Nikawa namenya ndizi huku nahesabu watu wangu. Mama yangu, Ma Alistidia, yuko Nshamba na pumu yake. Mwanangu Mujuni anasoma sekondari huko huko na anaishi na bibi yake. Kuna watoto wawili wa marehemu dada yangu. Na mimi. Kaya yangu ilikuwa ndogo kuliko kadi! Nilifurahi nikakata kidole.

Peke yangu nisingeiweza ile gharama, ada ya shule ikiwa juu yangu. Lakini niliona njia. Jioni moja nikaenda pale kwenye kabati la vyombo. Ma Georgina alikuwa anakunywa chai na mumewe, Ta Lwakatare, karani mstaafu wa shule. Wao kadi zao wanazo, za ustaafu wa mzee, zimelala kwenye pochi pamoja na picha ya Bikira Maria.

"Ma Georgina," nikasema, "badala ya kunipa hela ya dawa kila mwezi, naomba tuchangie bima. Wewe utoe na mimi nitoe, nipate kadi yangu na ya watu wangu."

Akaweka kikombe chini.

"Kwani Magdalena, nimewahi kukunyima?"

"Hapana, Ma Georgina."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Basi kadi ya nini? Kadi yako ni mimi hapa."

Akacheka, akamtazama mumewe ili naye acheke. Ta Lwakatare akakoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa. Nikarudi jikoni. Sikulia, maana mimi nikikasirika machozi hukauka, ila ugali wa usiku ule ulisongwa hadi ukaomba msamaha.

Kwetu mtu hasemi naacha kazi. Anasema naenda kumsalimia mama. Anayetaka kujua ukweli anaangalia mzigo. Nami wiki ile nilipoaga kwenda Nshamba nilibeba nguo zangu zote, godoro nikalikunja nikaliegemeza ukutani, na sufuria yangu ndogo ya uji nikaichomeka juu ya begi. Ma Georgina alikuwa ameshakwenda dukani. Ta Lwakatare akasimama mlangoni na miwani yake.

"Magdalena, hata sufuria?"

"Mama hana sufuria, Ta Lwakatare."

Uongo mtupu. Mama yangu ana sufuria kama anapikia shule. Naye alijua ni uongo, nikamwona anavyoitazama ile sufuria mpaka nilipopanda pikipiki.

Kwenye basi nilishuka Muleba kwanza. Nyuma ya stendi kuna nyumba ya wageni ya mama mmoja, Renatha, mtu wa maneno machache. Alikuwa anatafuta mpishi. Akanionyesha jiko, akanionyesha chumba, akasema wafanyakazi wake anawachangia bima, kila mtu na kadi yake. Nikakiangalia kitanda, nikaiangalia ile sinki inayovuja. Nilipaswa kusema ndiyo pale pale. Nikasema nitampa jibu Jumatatu.

Kwa nini sikusema ndiyo? Kwa sababu nawapenda wale watu, ndiyo hivyo. Elieth, binti yao aliyeko Mwanza, nilimlea mimi tangu hajaota meno ya mbele. Ta Lwakatare hali matoke ya mtu mwingine. Ma Georgina akiwa na huzuni huja jikoni, anakaa kwenye kigoda, hasemi kitu, nami simuulizi. Jiko la Muleba lilikuwa zuri, lakini lilikuwa la wapita njia. Nikaenda Nshamba na moyo umegawanyika, nikimwomba Mungu Jumatatu isifike, au ifike na sababu.

Jumamosi nilikuwa nyuma ya nyumba nawasha moto, mara nikasikia mama anakohoa kile kikohozi chake cha kuita. Nikachungulia. Kwenye njia inayoshuka katikati ya kibanja chetu cha migomba walikuwa wanakuja watu watatu, wamevaa kama wanakwenda misa ya Pasaka.

Mbele alikuwa Ta Kashaija, jirani yetu wa Kashai, mgane wa miaka mingi, ndani ya koti jeusi lenye vifungo vyote, na fimbo. Nyuma yake Ta Lwakatare, na mikononi amekumbatia kibuyu cha rubisi, shingo imezibwa kwa jani la mgomba na kufungwa vizuri kwa kamba. Nyuma kabisa Ma Georgina, kilemba juu, kapu la sukari na sabuni kichwani, na kitenge kipya kimekunjwa begani.

Msomaji wa mbali hataelewa nilivyoshtuka. Kwetu ukienda kuomba msamaha unaweza kubeba kitu chochote, hata mkungu wa ndizi. Ukienda kusalimia, sukari inatosha. Lakini mzee aliyevaa koti akitangulia, pombe ya ndizi ikafuata imefungwa jani, na mwanamke mwenye kitenge akafunga msafara, hao wanakuja kuposa. Hakuna anayeuliza.

Baadaye nilijua ilivyokuwa. Ma Georgina aliporudi kutoka dukani akaona godoro limekunjwa, alikaa siku nzima bila kula. Ndipo Ta Lwakatare akasema mtu hafuatwi kwao mikono mitupu, na mwenye kosa hajisemei, anatafuta mdomo wa kumsemea. Mzee amezaliwa mjini Bukoba na mila anaijua kama watu wanavyojua wimbo kwa kiitikio tu. Akachukua kila kitu alichowahi kukiona kwenye sherehe za watu, akakiweka pamoja.

Baba yangu alishafariki, kwa hiyo mwenye sauti pale nyumbani ni baba mdogo, Ta Kyaruzi, ambaye nyumba yake inatazamana na yetu. Ta Kyaruzi alikiona kibuyu kabla hajawaona watu. Akaingia ndani, akatoka amevaa kofia. Akamtuma mtu kwa wazee wa jirani. Shangazi zangu wawili, ambao walikuwa wanapalilia kibanja cha juu, wakatupa majembe na kupiga vigelegele vilivyofika hadi kwenye maduka ya Nshamba.

"Bojo!" shangazi mkubwa akaniingilia jikoni, amenishika mashavu kwa mikono yenye udongo. "Nilijua! Nilisema huyu mtoto hatazeeka peke yake. Na ni mzee mwenye koti!"

"Shangazi, yule ni jirani wa mabosi wangu."

"Jirani ndiye mzuri, anakuwa ameshakuona ukifua."

Nikataka kutoka nikaseme. Akanizuia mlangoni. Mwali hatoki mpaka aitwe, na mgeni haulizwi alichofuata mpaka atafune kahawa. Ndivyo ilivyo nyumbani kwetu tangu zamani, na Ta Kyaruzi hapunguzi hatua. Wageni wakakaribishwa, wakaketishwa. Wakasubiri wazee. Wazee walipofika wakasalimiana, habari za Bukoba, habari za mvua, habari za kahawa na bei yake. Kikaletwa kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akamwani, kikazunguka mkono kwa mkono. Kibuyu kikawekwa katikati, hakuna aliyekigusa. Nami naona yote kwenye upenyo wa dirisha la jiko. Ta Kashaija anatafuna kahawa yake polepole na kunyoosha koti, anafikiri anaheshimiwa kwa ajili ya usemaji wake. Shangazi mdogo akampelekea mto wa kukalia. Wenzake hawakupewa.

Mama yangu peke yake ndiye aliyekuwa ananitazama mimi badala ya wageni. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, unaolewa na nani, na mimi nitavaa nini?"

Hatimaye Ta Kyaruzi akakohoa.

"Waitu, kibuyu hiki kimetoka mbali. Hakikuja kuota jua. Nani anakisemea?"

Ta Kashaija akasimama. Nakuambia alikuwa amejiandaa.

"Ta Kyaruzi, wazee, akina mama. Sisi ni watu wa Kashai. Nyumba yetu ilikuwa na taa. Siku moja tukaamka, taa haipo. Tukauliza jirani, tukauliza njia, njia ikatuleta hapa. Tunaona mwanga wake nyuma ya nyumba, kule kwenye moshi."

Vigelegele. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Unasema vizuri," akasema Ta Kyaruzi. "Na wewe mwenyewe unampenda?"

Ta Kashaija akawatazama wenzake. "Nampenda. Tunampenda sote, nyumba nzima."

"Nyumba nzima?"

"Anapika vizuri sana."

Shangazi mkubwa akasema hilo ndilo la kwanza, mengine yatafuata. Mzee mmoja akauliza kama mkwe ana kibanja au anategemea pensheni. Ta Kashaija akaanza kujibu! Akasema anacho kibanja Kanyigo, si kikubwa. Nikamwona Ta Lwakatare anafuta miwani, anaitazama tena, anafuta. Ndipo Ma Georgina alipopasuka.

"Jamani! Jamani, tumekuja kumwomba Magdalena arudi kazini!"

Kigelegele cha shangazi mdogo kilikuwa kimeshatoka nusu, nusu nyingine akaimeza. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa.

Ta Kyaruzi akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu liko humo.

"Kazini," akasema. "Mmenivalisha kofia, mmewatoa wazee mashambani, mmeleta rubisi imefungwa jani. Kwa ajili ya kazi."

"Tulikuwa tunaheshimu mila," akasema Ta Lwakatare kwa unyonge.

"Mila gani? Ya wapi?"

Nilimhurumia mzee. Ma Georgina alikuwa ameinamisha kilemba. Watu wakaanza kunong'ona kwamba waondoke na kibuyu chao, na kuondoka na pombe isiyofunguliwa, kupita mbele ya kijiji kizima, ni aibu ambayo mtu anaizeekea. Baba mdogo akafikiri. Yeye ni mkali lakini si mtu wa kupoteza rubisi.

"Kibuyu kikishaingia hapa kwa mlango wa posa," akasema, "hakitoki kwa mlango wa dirisha. Mnamtaka binti yetu akae kwenu, apike kwenu, alale kwenu, auguzwe kwenu. Basi mposeni. Mwiteni mwenyewe. Akisema anawajua, tutakunywa. Akisema hawajui, mtabeba."

Nikatoka nikiwa na masizi mikononi na fulana ya zamani ya uchaguzi. Kila mtu ananitazama. Ta Kyaruzi akaniuliza kama wanavyoulizwa wasichana wa umri wa nusu yangu, "Magdalena, mwana wange, watu hawa unawajua? Tunywe pombe yao?"

Nilimwona Ma Georgina anainua uso. Sijawahi kumwona akisubiri neno langu. Siku zote mimi ndiye niliyekuwa nasubiri lake.

"Nawajua," nikasema. "Lakini msinywe kwanza."

Wazee waliokwisha kunyoosha vikombe wakavishusha.

"Muleba kuna kazi nyingine. Jumatatu natakiwa nijibu. Kule watanichangia bima, nipate kadi yangu, mama apate dawa ya kifua chake, na hawa watoto. Nilimwomba Ma Georgina tuchangie, akasema kadi yangu ni yeye."

Watu wakamgeukia. Na yeye, jamani, hakujizuia, neno lake la siku zote likamtoka, "Kwani Magdalena, nimewahi kukunyima?"

"Hujawahi, Ma Georgina. Mtu asiyenyimwa bado ni mtu anayeomba. Kila mwezi nasimama pale kwenye kabati la vyombo, mtu mzima mwenye mtoto anayeota ndevu, naomba nipone. Ukifungua pochi wewe unajisikia vizuri. Mimi najisikia mdogo. Nimechoka kuwa mdogo. Sitaki unitibu tena. Nataka tuchange, halafu nikiumwa niende mwenyewe, na nikirudi nirudi na siri yangu."

Nilihisi ile presha inapanda kweli, shingoni. Nilifikiri atasimama aende zake, maana ni mwanamke mwenye kiburi, na kiburi chake kimejenga duka. Akakaa. Akamtazama mumewe muda mrefu.

"Baba Elieth," akasema, "unakumbuka chumvi?"

Ta Lwakatare akakohoa kikohozi kisicho na mafua.

"Nilipoolewa," Ma Georgina akawaambia wazee, lakini macho yake yalikuwa kwangu, "hela alikuwa anashika yeye. Chumvi ikiisha naomba. Mafuta ya taa yakiisha naomba. Hakuwahi kuninyima, ni mtu mwema huyu. Ila kila mara aliuliza, 'Ile ya juzi imekwisha?' Hilo tu. Ile ya juzi imekwisha? Nikauza kuku wangu nikanunua vitenge vya kwanza kwa ajili ya neno hilo, ili nisilisikie tena mpaka nife. Na sasa nalisema mimi."

Akajifuta uso kwa kile kitenge kipya alichomletea mama yangu. Shangazi mkubwa, ambaye ana mume wa namna hiyo hiyo, akampongeza kwa sauti ya chini, "Kasinge, mwanamke."

"Haya, Ta Kyaruzi," Ma Georgina akasema, amejinyoosha, sasa ni mfanyabiashara kabisa. "Mahari ni bima. Natoa yote."

"Hapana," nikasema.

"Magdalena, natoa yote, ya mwaka mzima, kwa watu wako wote!"

"Ukilipa yote ni kadi yako, nami nitakuwa nimehama kutoka kwenye kabati kwenda kwenye kadi. Nusu kwa nusu."

"Nusu! Na ada ya Mujuni utailipa na nini? Toa robo."

"Nusu."

Ta Kyaruzi akanyanyua mikono juu. "Tangu nizaliwe," akasema, "nimekaa kwenye mahari nyingi. Sijawahi kuona upande wa mwali ukishusha na upande wa posa ukipandisha! Mnataka kuniua? Watu wa Kashai mafungu mawili, Magdalena fungu moja, na kadi iko mkononi mwa binti yetu. Akiondoka kwenu inaondoka naye. Nani anakataa?"

Nilitaka kukataa. Mama akakohoa, safari hii kikohozi chenyewe cha pumu, kile cha kumkunja mtu mgongo. Nikamshika mabega mpaka kikapita. Nikasema sikatai.

Celina, yule anayeandikisha watu wa kijiji kwenye bima, naye alikuwa pale uani, ameletwa na vigelegele kama wengine. Akatoa simu mfukoni. Akatuandika hapo hapo, mama, Mujuni, watoto wa dada, na mimi juu kabisa kama mkuu wa kaya. Ta Kyaruzi akauliza kama nafasi ya sita haimtoshi yeye, akaambiwa ana kaya yake. Nikapigwa picha nikiwa na fulana yangu ya uchaguzi. Ukiitazama vizuri, nyuma ya bega langu inaonekana shingo ya kibuyu.

Ndipo nikaulizwa mara ya pili kama nawajua wale watu. Nikasema nawajua sana, kunyweni. Jani likafunguliwa. Ta Kashaija ndiye aliyekunywa kuliko wote, akasema shughuli ya mdomo inakausha koo. Wakati wa kuondoka shangazi mdogo alimrudishia fimbo yake, na tangu siku hiyo mzee ana safari za Nshamba ambazo hazijaelezeka.

Jumatatu nikampigia Renatha. Akasikiliza, akasema, "Sawa. Wakikusumbua, jiko lipo." Nikashukuru kutoka moyoni.

Sufuria yangu ya uji nikaiacha kwa mama. Akalalamika hana pa kuiweka.

Mwezi uliofuata bima ilikuwa imeshaanza kufanya kazi, na dawa zilikuwa zimekwisha. Niliamka, nikapika chai, nikavaa sketi yangu ya misa, nikaweka kadi kwenye kifuko cha ndani. Ma Georgina alikuwa sebuleni anafungasha vitenge vya kupeleka dukani. Nikapita karibu na kabati la vyombo bila kusimama.

"Natoka kidogo," nikasema.

Akanitazama, akaitazama sketi. Mdomo ukafunguka. Nikaliona lile swali limefika hadi kwenye meno. Akaufunga.

"Haya," akasema. "Mvua inakuja, chukua mwavuli."

Pale kona Muhidini akaniuliza inasomaje. Nikamwambia anipeleke kituo cha afya na aangalie barabara. Nikapanga foleni na watu wengine, nikaonyesha kadi, nikapimwa, nikapewa dawa zangu. Hakuna aliyeniuliza habari za dagaa. Nilipotoka nilikaa kidogo kwenye benchi la nje, si kwa kuchoka, nilikuwa tu nataka kukaa.

Niliporudi, Ma Georgina hakuwa amekwenda dukani bado. Vitenge vilevile vilikuwa mezani, amevikunja, amevikunjua, amevikunja tena. Alinimiminia chai mwenyewe, akaketi kwenye kigoda changu pale jikoni, akatazama nje. Hakuuliza kitu. Niliona jinsi ilivyokuwa inamchoma.

Nikanywa chai yangu taratibu mpaka ikaisha. Kisha nikamwambia mwenyewe, kwa hiari yangu.

"Imeshuka, Ma Georgina."